Uzi: Mke na mume wenye HSA hapa Marekani, kikomo cha mwaka kinagawanywaje?

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi), Februari 2026

Salaam ndugu zangu mnaoishi na kufanya kazi Marekani. Msimu wa ritani za kodi umeanza, na swali linaloletwa mezani kwangu mara nyingi kuliko mengine ni la wanandoa ambao kila mmoja ana akaunti yake ya akiba ya afya, yaani HSA, na kila mmoja ameambiwa na ofisi ya rasilimali watu ya kazini kwake kwamba michango yake iko ndani ya kikomo. Kila ofisi imesema kweli kwa kadiri ya inachokiona. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja inayoona hati ya mshahara ya mwenzi wa mfanyakazi wake, na sheria ya kodi inawatazama wote wawili kwa pamoja.

Kwa wasioifahamu vizuri, HSA ilianza Januari 2004 kutokana na sheria iliyotiwa saini Desemba 2003. Anayeruhusiwa kuchangia ni mtu mwenye bima ya afya ambayo humtaka ajilipie kiasi kikubwa mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kwa mwaka 2026 kiasi hicho kisipungue dola 1,700 kwa bima ya mtu mmoja au 3,400 kwa bima ya familia. Fedha unazoweka hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, faida yake haikatwi kodi, na ukizitoa kwa ajili ya matibabu hazikatwi kodi vilevile. Majimbo mengi yanafuata utaratibu huo, isipokuwa California na New Jersey, ambayo huhesabu michango kama mapato ya kawaida.

Vikomo vya kuchangia ni hivi: kwa mwaka 2025, dola 4,300 kwa mwenye bima ya mtu mmoja na 8,550 kwa mwenye bima ya familia; kwa mwaka 2026, dola 4,400 na 8,750. Ndani ya kikomo hicho huhesabiwa fedha zote zilizoingia, ziwe umekatwa kwenye mshahara, umepeleka mwenyewe benki, au umewekewa na mwajiri.

Sasa tuingie kwenye kiini. Akaunti ya HSA ni ya mtu mmoja. Haipo HSA ya pamoja ya mke na mume, hata kama mwenzako amepewa kadi ya kuitumia. Kikomo, kwa upande wake, kinaweza kuwa cha nyumba nzima. Kifungu cha 223 cha sheria ya kodi kinasema kwamba iwapo mmoja wa wanandoa ana bima ya familia ya aina hii, basi wote wawili huhesabiwa kuwa na bima ya familia, na kikomo kimoja cha familia hugawanywa kati yao nusu kwa nusu, isipokuwa wamekubaliana mgawanyo mwingine. Makubaliano hayo yanaweza kuwa ya namna yoyote: sabini kwa thelathini, au mmoja achukue chote na mwingine asichukue kitu. Hakuna fomu ya kusaini mbele ya mwanasheria. Mgawanyo unaonekana katika Fomu 8889, yaani fomu ya kodi ya HSA, ambayo kila mmoja anaijaza kivyake, hata kama ritani yenu ni ya pamoja.

Wengi wananasa kwenye maana ya bima ya familia. Watu hudhani ni ile inayomjumuisha mke, mume na watoto wote. Kwa sheria hii, bima yoyote inayomkinga mfanyakazi na angalau mtu mmoja zaidi ni ya familia. Mama aliyejiandikisha yeye na mwanawe mmoja, huku baba akiwa na bima yake binafsi kazini kwake, ana bima ya familia, na kwa sababu hiyo mumewe naye huhesabiwa hivyo hivyo, ingawa kadi yake ya bima ina jina lake peke yake. Wawili hao hawana 8,750 kujumlisha 4,400. Wana 8,750 tu.

Wanandoa ambao kila mmoja ana bima ya mtu mmoja, na hakuna mtoto aliyeandikwa popote, hawaguswi na mgawanyo huu. Kila mmoja ana dola 4,400 zake kwa mwaka 2026, na hawawezi kuhamishiana. Mume akichangia 3,000, mke hapati ruhusa ya kuchangia 5,800.

Karibuni kwa maswali.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Asante kaka kwa ufafanuzi, ingawa umenikosesha usingizi wa mchana. Hali yetu ni kama uliyoieleza. Mwaka 2025 mimi nilikuwa na bima inayonijumuisha mimi na watoto wawili, na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori, alikuwa na bima yake binafsi ya aina hiyo hiyo. Kwenye akaunti yangu ziliingia dola 6,500, ambazo 1,500 kati yake ziliwekwa na hospitali ninayofanyia kazi. Kwake ziliingia 3,800. Yeye aliambiwa kikomo chake ni 4,300, kwa hiyo tuliamini tumebakiza nafasi. Je, tumeshaharibu, au kuna njia ya kurekebisha?

Mtunza Daftari

Dada, njia ipo, na muda bado mnao. Jumla yenu ni dola 10,300, kikomo chenu cha 2025 ni 8,550, kwa hiyo zimezidi 1,750. Zikiachwa humo, kuna kodi ya adhabu ya asilimia 6 kwa mwaka, ambayo kwenu ni dola 105, na hutozwa tena kila mwaka ambao ziada hiyo bado imekaa. Mkiitoa ziada pamoja na faida iliyoizalisha kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, ikiwemo nyongeza ya muda kama mmeiomba, adhabu hiyo haipo. Kiasi mlichokitoa kitaongezwa kwenye mapato ya kawaida na kukatwa kodi kama mshahara, jambo ambalo ni haki, kwa kuwa hakikukatwa mwanzoni.

Jambo ambalo wahasibu wengi hawalisemi ni kwamba ninyi ndio mnaoamua ziada iko kwenye akaunti ya nani, kwa sababu mgawanyo ni wa makubaliano yenu. Mkikubaliana kwamba sehemu yako ni 6,500, ya mumeo inakuwa 2,050 na yeye ndiye atakayetoa 1,750. Mkitaka sehemu yake ibaki 3,800, yako inakuwa 4,750 na wewe ndiye utakayetoa. Tazameni ni akaunti ipi ambayo fedha zimekaa tu bila kuwekezwa, kwa kuwa huko faida ya kutoa na kulipia kodi itakuwa ndogo na hesabu yake nyepesi.

Katika Fomu 8889, wote wawili mtie alama ya bima ya familia kwenye mstari wa 1, na mgawanyo wenu muuandike kwenye mstari wa 6. Kisha muwe waangalifu na mstari wa 2. Fedha alizokatwa mtu kwenye mshahara kupitia mpango wa mwajiri zimeshaandikwa kwenye W-2, yaani taarifa ya mshahara wa mwaka inayotolewa na mwajiri, kisanduku cha 12, mbele ya herufi W, zikiwa zimechanganywa na zile za mwajiri mwenyewe. Hizo haziandikwi tena mstari wa 2. Nimeona ritani ambazo fedha zile zile zimehesabiwa mara mbili, na programu ya kompyuta ikadai ziada ambayo haikuwepo.

Kijana wa Kinondoni

Mkuu, heshima yako. Mimi na mke wangu huwa tunawasilisha ritani kila mtu na yake kwa sababu ya mkopo wake wa masomo. Mtu aliyetuandalia mwaka jana alituambia kwamba wanaotenganisha ritani kila mmoja anapata kikomo kizima cha familia. Naomba ulithibitishe hili.

Mtunza Daftari

Siwezi kulithibitisha kwa sababu si kweli. Kutenganisha ritani hakuvunji ndoa mbele ya kifungu hiki. Mkiwa mmeoana kisheria, na mmoja ana bima ya familia, kikomo ni kimoja, muwasilishe pamoja au mbalimbali. Nadhani mtaalamu wenu alichanganya na kanuni ya watu wasiooana.

Ukhti wa Dallas

Assalaam alaykum. Hilo la wasiooana naomba lifafanuliwe, kwa kuwa katika jamii yetu wapo waliofunga nikaha msikitini hapa Marekani, wali ukaliwa na mahari yakatolewa, lakini hawakuchukua leseni ya ndoa kaunti. Hao wanahesabiwaje?

Mtunza Daftari

Waalaykum salaam dada. Kodi ya Marekani huitambua ndoa ambayo jimbo linaitambua. Ikiwa jimbo walilofungia haliitambui ndoa isiyo na leseni, basi mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, hao wawili ni watu wasiooana, vyovyote jamii inavyowaita. Kanuni ya kugawana haiwagusi, kwa sababu maandishi yake yanawahusu wanandoa pekee. Majimbo kadhaa, Texas ikiwemo, hutambua pia ndoa isiyo rasmi kwa masharti yake, kwa hiyo wa kwenu Dallas wasikimbilie kujihesabu hawajaoana kabla ya kumuuliza mwanasheria wa hapo. Waliofunga ndoa halali nyumbani, iwe Zanzibar, Mombasa au Bujumbura, ni wanandoa hapa pia.

Asije mtu akaona hiyo ni njia ya mkato. Asiyekuwa mwenzi kisheria hawezi kutibiwa kwa fedha za HSA yako, isipokuwa awe tegemezi wako kwa vigezo vya kodi, ambavyo mtu mzima anayejitegemea kwa kazi yake kwa kawaida havitimizi.

Baba Neema

Mimi nina bima ya familia ya aina hii, na mke wangu yuko kwenye bima ya kawaida ya kazini kwake, ambayo mimi simo. Aidha, kazini kwao wana ile akaunti nyingine iitwayo FSA na yeye hukatwa kidogo kila mwezi. Je, kikomo changu kinapungua?

Mtunza Daftari

Maswali yako mawili yana majibu yanayopingana, na hapo ndipo panapouma. Bima ya kawaida ya mkeo, kwa kuwa wewe hujaandikwa ndani yake, haikudhuru. Yeye hana sifa ya kuchangia HSA, kwa hiyo hamna cha kugawana, na wewe unaweza kuweka kikomo chote cha familia, dola 8,750 kwa mwaka 2026, kwenye akaunti yako. Unaweza hata kumlipia yeye matibabu kutoka humo, kwa maana HSA hutibu mwenzi na wategemezi hata kama hawamo kwenye bima yako.

FSA ndiyo yenye shida. Akaunti hiyo kwa kawaida huweza kurudisha gharama za matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao. Kwa kuwa ingeweza kukulipia wewe, sheria inakuona tayari una kinga nyingine, na sifa yako ya kuchangia HSA inaondoka, hata kama mkeo hajawahi kukulipia hata panado. Mwambie aulize kazini kwake kama FSA hiyo ni ya meno na macho pekee. Hiyo inaruhusiwa. Kama ni ya jumla, wewe hukuwa na haki ya kuchangia katika miezi ambayo ilikuwa hai, na tunapaswa kuhesabu upya. Tafadhali lishughulikieni hili kabla ya kuwasilisha ritani.

Kwa wanaosoma kimya: Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo humwondolea sifa aliyeandikishwa, ikiwemo ile ya ujauzito. Humwondolea yeye tu, si mwenzi wake.

Mzee wa Ohio

Wanangu, nami niulize. Nina miaka 66 na nimeshaingia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee. Mke wangu ana miaka 58, bado anafanya kazi, na bima yake ya familia inanijumuisha. Nimesikia waliovuka miaka 55 huongezewa dola 1,000. Je, tunapata elfu mbili?

Mtunza Daftari

Shikamoo mzee. Aliyeingia Medicare hachangii tena kuanzia mwezi wa kwanza wa uanachama wake, na nyongeza ya umri nayo humwondokea. Mama, kwa kuwa bima yake bado ni ya familia, anaweza kuweka 8,750 zote za mwaka 2026 pamoja na 1,000 yake ya umri, jumla 9,750. Fedha zilizomo kwenye akaunti yako zinabaki zako, na unaweza kuendelea kuzitumia kwa matibabu yako na yake.

Kama nyote wawili mngekuwa na sifa, mngepata 10,750, ila kwa sharti ambalo watu hulipuuza: kila mmoja lazima aweke elfu yake kwenye akaunti yenye jina lake. Mgawanyo wa makubaliano unahusu kikomo cha familia tu. Nyongeza ya umri haigawanywi wala haihamishwi. Kwa hiyo, ndoa ambayo mmoja tu ndiye mwenye HSA, huku wote wamevuka 55 na wote wana bima hiyo, inapoteza dola 1,000 kila mwaka mpaka mwenzake afungue akaunti yake.

Na mama akifikia kuchukua Medicare baada ya miaka 65, aache kuchangia mapema. Sehemu A ya Medicare, ile ya hospitali, huweza kurudishwa nyuma hadi miezi 6, na michango ya miezi hiyo hugeuka kuwa ziada.

Msukuma wa Kansas

Mkuu, mke wangu yuko Mwanza, tunasubiri viza yake. Tumeoana kanisani na cheti cha serikali tunacho. Nina bima ya mtu mmoja yenye HSA. Je, kwa kuwa nimeoa, naweza kuchangia cha familia? Na je, naweza kumlipia hospitali huko?

Mtunza Daftari

Cha familia huwezi. Kikomo hufuata bima uliyonayo, na ndoa peke yake haikipandishi. Ukiwa na bima ya mtu mmoja mwaka mzima, chako ni dola 4,400 kwa mwaka 2026.

Kumlipia unaweza, na hili huwashangaza wengi. Matibabu halali aliyopata mkeo Mwanza, baada ya wewe kufungua HSA, yanakubalika kama yangekubalika hapa. Tunza stakabadhi ya hospitali yenye jina lake, tarehe na huduma aliyopewa, na uandike pembeni kiwango cha kubadilishia shilingi siku hiyo. Dawa ziwe zimenunuliwa na kutumiwa hukohuko, na ziwe halali Tanzania na hapa pia. Mchango wa bima ya afya ya huko haulipiki kwa HSA, kwani ada za bima kwa kawaida hazimo, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria.

Najua swali linalofuata, maana sisi wote tunapigiwa simu zile zile. Mama mzazi aliyeko kijijini hawezi kutibiwa kwa fedha hizi. Tegemezi, tofauti na mwenzi, anatakiwa awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Ukimlipia, kiasi hicho hukatwa kodi ya mapato pamoja na adhabu ya asilimia 20 kama hujafikisha miaka 65. Mtumie mama kutoka kwenye mshahara.

Kijana wa Kinondoni

Naomba kuongezea swali la mwisho kwa faida ya mdogo wangu. Anafunga ndoa mwaka huu, na kuanzia tarehe 1 Septemba wataingia wote kwenye bima ya familia ya mkewe mtarajiwa. Mwanamke huyo amekuwa na bima ya mtu mmoja tangu Januari. Mdogo wangu hakuwa na bima kabisa.

Mtunza Daftari

Hesabu ni ya mwezi kwa mwezi, ikitazamwa bima uliyonayo siku ya kwanza ya mwezi. Bibi harusi ana miezi 8 ya mtu mmoja, yaani dola 2,933, ambayo ni yake peke yake. Miezi 4 ya familia inatoa 2,917, ambayo ndiyo watakayogawana. Jumla ya nyumba ni 5,850.

Ipo kanuni nyingine inayowaruhusu wenye sifa tarehe 1 Desemba kuhesabiwa kana kwamba walikuwa na bima hiyo mwaka mzima, na wakiitumia wanaweza kufikisha 8,750. Sharti lake ni kwamba wabaki na sifa hadi mwisho wa Desemba 2027. Mmoja wao akibadilisha kazi katikati na kuingia bima ya kawaida, kile alichozidisha kinageuka kuwa mapato na kuongezewa adhabu ya asilimia 10. Kwa maharusi ambao hawajui watakuwa wakiishi jimbo gani mwakani, mimi ningewashauri wafuate hesabu ya miezi. Wanayo nafasi ya kuamua baadaye, kwa kuwa michango ya 2026 hupokelewa hadi tarehe 15 Aprili 2027.

Kuhusu nani achangie zaidi, wachukue kwanza chote ambacho mwajiri anaongezea. Kisha wapendelee makato ya mshahara kuliko kupeleka fedha benki wenyewe, kwani makato ya mshahara huepuka pia asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, na anayepeleka mwenyewe hairejeshewi.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kaka, tumekubaliana mume wangu ndiye atoe. Amepiga simu kwenye benki inayotunza akaunti yake, wakamwambia atoe tu kwa kadi. Ni sawa?

Mtunza Daftari

Asitoe kwa kadi, dada. Akitoa kwa kadi itaandikwa kama matumizi ya kawaida. Ziada itabaki palepale kwenye hesabu, na kiasi hicho kitaonekana kimetumika nje ya matibabu, jambo linalovuta ile adhabu ya asilimia 20. Apige tena aombe fomu ya kuondoa michango iliyozidi, aandike mwaka 2025 na kiasi cha dola 1,750, na awaache wao wakokotoe faida. Mapema mwakani watamtumia Fomu 1099-SA, taarifa ya fedha zilizotolewa kwenye HSA, yenye namba 2 kwenye kisanduku cha 3, yaani ziada iliyoondolewa. Akiona namba 1, yaani matumizi ya kawaida, awapigie warekebishe kabla hajaijaza popote.